Baraza la Wenye Mizaha: Uhakiki wa Kicheko cha Mashabiki juu ya Wachezaji Waliokamatwa

1. Utangulizi

Tarehe 15 Oktoba 1988, katika mji wa South Bend, jimbo la Indiana, timu ya Chuo Kikuu cha Notre Dame ilipambana na timu ya Chuo Kikuu cha Miami katika mpira wa Kimarekani, yaani ule mchezo wa mpira mrefu kama yai, unaochezwa kwa mikono na mabega zaidi kuliko kwa miguu. Notre Dame walishinda kwa pointi 31 dhidi ya 30, na mwisho wa msimu wakawa mabingwa wa taifa. Hata hivyo, kilichodumu katika kumbukumbu za watu kuliko matokeo yenyewe ni fulana. Wanafunzi wa Notre Dame walichapisha na kuuza fulana zenye maneno ambayo hata leo ndiyo jina la mchezo ule: Wakatoliki dhidi ya Wafungwa. Wakatoliki ni wao wenyewe, wana wa chuo cha Kanisa. Wafungwa ni vijana wa Miami, ambao baadhi yao walikuwa wamepata kukamatwa na polisi kwa makosa ya nje ya uwanja. Mwaka 2016 ilitolewa filamu juu ya mchezo ule, na jina la filamu ni maneno yaleyale ya fulana.

Makala hii inakusudia kuuhakiki mzaha huo pamoja na jamaa zake wengi, yaani desturi ya mashabiki wa mpira wa vyuo vya Marekani ya kufanya masihara juu ya wachezaji waliokamatwa. Tutautazama kama tunavyoutazama usemi mwingine wowote: unasema nini, unanyamazia nini, na unamfanya nini yeye anayeusema. Kisha tutaupima kwa Amri ya Nane na kwa msalaba.

Huenda msomaji akauliza: Mambo haya yatuhusu nini sisi wachungaji na wanafunzi wa theolojia? Majibu ni mawili. Kwanza, dayosisi zetu nyingi zina undugu na sinodi za Kilutheri za Marekani. Wachungaji wetu huenda kusoma na kutembelea huko, huketi sebuleni mwa wenyeji wao siku ya Jumamosi, na huisikia mizaha hii ikitoka vinywani mwa Wakristo wema ambao kesho yake watakuwa kanisani. Pili, Zaburi ya kwanza inapomtaja mtu aliyebarikiwa, inataja njia ya wakosaji, na baada yake inalitaja baraza la wenye mizaha. Sisi huhubiri sana juu ya ile njia, na mara chache sana juu ya lile baraza.

2. Mzaha wenyewe na mazingira yake

Mzaha huu haueleweki pasipo kuujua ukubwa wa mchezo wenyewe. Vyuo vikuu vya Marekani ni nyumba za masomo, lakini pia ni nyumba za timu ambazo majimbo mazima huzipenda kwa moyo wote. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan huchukua watazamaji zaidi ya 100,000. Makocha wakuu wa vyuo vikubwa hulipwa mamilioni ya dola kwa mwaka. Wachezaji, kwa upande wao, kwa miongo mingi walipewa ada, chakula na malazi tu. Hadi Julai 2021 kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ziliwakataza kupokea fedha hata kwa matumizi ya majina yao wenyewe. Wengi wao ni vijana wa miaka 18 hadi 22.

Msimu ni mfupi: huanza mwishoni mwa Agosti na kumalizika Januari. Katika miezi inayobaki shabiki hana mchezo wa kutazama, ila ana habari za kusoma. Na habari isiyokosekana ni ya kijana wa timu fulani aliyekamatwa kwa ulevi, kwa bangi, kwa ngumi za kilabuni, kwa wizi, kwa kumpiga mwanamke, au kwa kubaka. Hapo ndipo mzaha huzaliwa. Katika muongo wa kwanza wa karne hii mashabiki walibuni hata shindano la kuhesabu makosa hayo wakati wa mapumziko ya msimu. Timu ambayo wachezaji wake walikamatwa ilipewa alama, chache kwa kosa dogo na nyingi kwa kosa kubwa. Timu iliyopata alama nyingi kuliko zote ilitangazwa mshindi wa kombe la kubuni, lililopewa jina la Phillip Fulmer, aliyekuwa kocha mkuu wa Chuo Kikuu cha Tennessee hadi mwaka 2008.

Mizaha mingine hutokana na kucheza na majina. Mwaka 1994 jarida la Sports Illustrated lilifichua kwamba mwaka uliotangulia wachezaji kadhaa wa Florida State walinunuliwa viatu na mavazi dukani na watu waliotaka kuwa mawakala wao. Steve Spurrier, kocha wa Chuo Kikuu cha Florida kilicho mpinzani wao, akazichukua herufi za kwanza za jina la chuo kile na kukiita Chuo Kikuu cha Viatu vya Bure. Watu walicheka, na wangali wanacheka.

Je, mizaha hii ina msingi katika ukweli? Mwaka 2011 Sports Illustrated pamoja na kituo cha televisheni cha CBS walichunguza kumbukumbu za wachezaji 2,837 wa timu 25 zilizohesabiwa kuwa bora mwanzoni mwa msimu wa 2010. Waliona kwamba wachezaji 204, yaani takriban asilimia 7, walikuwa wamewahi kushtakiwa au kuandikiwa kosa la jinai. Idadi hiyo si ndogo, na baadhi ya makosa yalikuwa mazito. Lakini maana yake pia ni kwamba wachezaji 93 katika kila 100 hawakuwa na kumbukumbu ya namna hiyo. Mzaha wa mashabiki haujui hesabu hii ya pili. Kwake timu nzima ni wafungwa.

3. Lugha ya mzaha

Lugha yetu ya Kiswahili inatusaidia kuona kosa la kwanza la mzaha huu. Sisi hutofautisha mtuhumiwa, mshtakiwa, aliyetiwa hatiani na mfungwa. Hizi ni ngazi nne, na kati ya ngazi na ngazi kuna kazi ya haki: upelelezi, ushahidi, utetezi, hukumu. Fulana ya mwaka 1988 iliruka kutoka ngazi ya kwanza hadi ya nne. Hakuna mfungwa aliyeingia uwanjani siku ile. Waliingia vijana ambao baadhi yao waliwahi kutuhumiwa au kushtakiwa, pamoja na wenzao wengi ambao hawakuwahi kuguswa na polisi.

Ni hatari gani iliyomo katika kuruka ngazi hizi? Mwaka 2002 kijana Brian Banks, mchezaji wa shule ya sekondari huko California aliyekuwa akitarajiwa kuchezea Chuo Kikuu cha Southern California, alikamatwa kwa tuhuma ya kubaka. Alikaa gerezani zaidi ya miaka mitano. Baadaye aliyemshtaki alikiri kwamba tendo lile halikutokea, na mwezi Mei 2012 mahakama ikaifuta hukumu. Alama ambazo shabiki angeziandika siku ya kukamatwa kwake zisingefutwa na mtu yeyote, kwa kuwa mizaha haina mahakama ya rufani.

Kosa la pili ni la rangi. Wengi wa wachezaji wa Miami waliotishwa na kusifiwa miaka ile walikuwa Wamarekani weusi. Vuli hiyohiyo ya mwaka 1988, katika kampeni ya urais kati ya George Bush na Michael Dukakis, tangazo la televisheni lilitumia picha ya mfungwa mweusi, Willie Horton, ili kuwatia hofu wapiga kura. Sisemi kwamba wanafunzi wa South Bend waliiga tangazo lile. Nasema kwamba neno walilolichagua lilikwisha kuwa na sura machoni pa taifa, na sura hiyo ilikuwa nyeusi. Mtu hahitaji kuwa na chuki moyoni ili achote kutoka kisima ambacho wengine wamekitia chuki.

Kosa la tatu ni kusawazisha mambo yasiyolingana. Viatu vya Florida State havikuwa jinai ya wachezaji. Vilikuwa uvunjaji wa kanuni za chama, kanuni ambazo tangu mwaka 2021 zimelegezwa kiasi kwamba mchezaji leo anaweza kulipwa na kampuni ya viatu hadharani. Katika kinywa cha shabiki, viatu, bangi, ngumi na ubakaji vyote ni sarafu za mfuko mmoja.

Tena mzaha huchagua. Desemba 2012 mwanafunzi mmoja wa Florida State aliwaarifu polisi kwamba amebakwa. Baadaye ilitajwa kwamba aliyemtuhumu ni Jameis Winston, mchezaji maarufu. Winston alikana. Desemba 2013 mwendesha mashtaka alitangaza kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kumshtaki, na siku chache baadaye kijana huyo alipewa tuzo ya Heisman, iliyo kubwa kuliko zote katika mchezo ule. Shauri lililosikilizwa na chuo mwaka 2014 nalo halikumwona na hatia. Januari 2016 chuo kilikubali kulipa dola 950,000 ili kumaliza kesi ambayo mwanamke yule alikifungulia chuo chenyewe. Katikati ya mambo hayo, Aprili 2014, Winston alitoka dukani na miguu ya kaa bila kuilipia, akapewa saa 20 za kazi za jamii. Makala hii haina mamlaka wala ujuzi wa kuamua kilichotokea mwaka 2012. Ninachohakiki ni kicheko. Kwa miaka mingi mashabiki wa timu pinzani walimzomea Winston kwa kaa: mabango ya kaa, nyimbo za kaa, mavazi ya kaa. Kaa walikuwa rahisi. Palipokuwa na shauri zito lililohitaji ukimya na uchunguzi, uwanja mzima ulipata kitoweo cha kuchekea, na lile shauri zito likazama chini yake.

4. Utetezi wa mzaha

Haki ya uhakiki inatudai tuusikilize pia utetezi. Watetezi watasema kwamba shabaha ya mizaha hii ni makocha na vyuo, wala si vijana. Kombe la kubuni lilibeba jina la kocha, halikubeba jina la mchezaji. Kocha husimama mbele ya wazazi akiahidi kumlea kijana wao kwa nidhamu, chuo huvuna fedha kwa jasho lake, na siku kijana anapokamatwa wote wawili hutoa taarifa fupi ya masikitiko. Je, si halali kuwacheka wanafiki?

Utetezi huu una nguvu, na mwanatheolojia hawezi kuupuuza, maana Biblia nayo inajua kejeli. Eliya aliwadhihaki manabii 450 wa Baali pale Karmeli. Martin Luther mwenyewe hakuwa mtu wa kununa. Alimcheka Ibilisi, aliwacheka wakuu wa kanisa, na alijicheka. Mfano wa karibu ni wa Septemba 2016. Mwezi Mei mwaka huo Chuo Kikuu cha Baylor kilikuwa kimefedheheka kwa kushindwa kushughulikia mashtaka ya wanawake walioshambuliwa. Bendi ya Chuo Kikuu cha Rice ilipotumbuiza wakati wa mapumziko ya mchezo wao na Baylor, ilijipanga uwanjani kwa umbo la tarakimu za Kirumi IX, kwa kudokeza sheria ya mwaka 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu, kisha kwa umbo la nyota, kwa kudokeza jina la Ken Starr, rais wa chuo aliyeondolewa. Hapakuwa na kijana wala binti aliyechekwa. Waliochekwa ni wenye mamlaka. Ingawa Rice baadaye walionyesha masikitiko, nakiri kwamba mzaha huo ulisema kweli ambayo wengi waliogopa kuisema.

Basi tofauti iko wapi? Naona vipimo viwili. Cha kwanza ni kumtazama anayechekwa. Eliya alikuwa peke yake mbele ya wengi waliolishwa mezani pa malkia. Alicheka kuelekea juu. Wafilisti walipomtoa Samsoni gerezani, haliye macho na amefungwa pingu, ili awachezee nao wafurahi, walicheka kuelekea chini. Samsoni hakuwa mtu asiye na dhambi. Ndiyo maana kisa chake chafaa hapa. Umati uliomwogopa kwa nguvu zake ulimgeuza burudani siku ya kuanguka kwake.

Kipimo cha pili ni kuuliza kama anayecheka ana wajibu wowote kwa anayechekwa. Sisi tunaujua utani. Mtani humcheka mfiwa hata msibani. Huweza kulala kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote. Lakini mtani huyohuyo ndiye achimbaye kaburi, naye hawezi kukwepa kazi hiyo. Kicheko chake ni nusu ya agano, na nusu nyingine ni mikono yake. Hata watani wa jadi wa soka yetu, Simba na Yanga, huazima jina lao kutoka kwenye desturi hiyo. Shabiki anayeandika alama kwa kila kijana anayekamatwa hana kaburi analolichimba. Hatamtembelea rumande, hatamfariji aliyepigwa, hatakaa na mzazi. Anachukua kicheko cha utani na kuuacha wajibu wake.

5. Hamu na ndugu zake

Maandiko yanatupa kisa kinachofanana sana na jambo hili. Katika Mwanzo sura ya 9 Nuhu alilewa, akalala uchi hemani mwake. Hamu akaona, akatoka kuwaambia ndugu zake. Shemu na Yafethi wakatwaa nguo, wakaenda kinyumenyume, wakaifunika aibu ya baba yao pasipo kuitazama. Hamu hakusema uongo. Kila alilolisema lilikuwa kweli. Kosa lake ni kwamba aliifanya aibu ya mtu kuwa habari.

Hatuwezi kukitumia kisa hiki katika suala la Marekani bila kukumbuka kwamba kisa hikihiki kilitumiwa vibaya na wahubiri wa Marekani kuhalalisha utumwa wa watu weusi, ingawa laana iliyomo ilitamkwa juu ya Kanaani na haina neno lolote kuhusu rangi. Waliojiita wana wa Yafethi walifanya kazi ya Hamu kwa karne nyingi: waliuweka utupu wa mwanadamu hadharani, mnadani, wakaupangia bei.

Katika Katekisimo Kubwa, anapoifafanua Amri ya Nane, Luther anatofautisha kuijua dhambi na kuihukumu. Mtu binafsi anaweza kujua kosa la jirani, lakini hana agizo la kulitangaza. Wenye agizo ni serikali, wahubiri na wazazi, kila mmoja katika nafasi yake. Wanaofurahia kuyachakura makosa ya wengine anawafananisha na nguruwe wanaogaagaa katika uchafu na kuuchimba kwa pua. Hata hivyo, Luther anaongeza neno ambalo wahubiri wengi hulisahau: dhambi iliyo ya hadharani yafaa ikemewe hadharani, na katika hilo hakuna usingiziaji.

Neno hilo la pili ni la lazima, kwa sababu nguo ya Shemu nayo inaweza kutumiwa vibaya. Baylor ni chuo cha mapokeo ya Kibaptisti kilichopewa hati yake mwaka 1845. Mwezi Mei 2016, baada ya uchunguzi wa mawakili, kocha Art Briles aliachishwa kazi, naye Ken Starr akaondolewa urais. Uchunguzi ulionyesha kwamba viongozi wa timu walikuwa wakiyashughulikia mashtaka ndani kwa ndani badala ya kuyapeleka panapostahili. Baadaye mwaka huohuo wajumbe wa bodi ya chuo walieleza kwamba tangu mwaka 2011 wanawake 17 walikuwa wametoa taarifa za kushambuliwa, zikiwagusa wachezaji 19. Hapa nguo ilitandikwa kweli, lakini haikutandikwa juu ya aibu ya mkosaji aliyetubu. Ilitandikwa juu ya kinywa cha aliyeumizwa. Upendo unaositiri wingi wa dhambi, anaoutaja Petro, haukukusudiwa kamwe kumficha mbwa mwitu zizini.

Nawaomba wasomaji watazame jinsi makosa haya mawili, kuficha na kudhihaki, yanavyosaidiana. Lawrence Phillips alikulia katika nyumba za malezi huko California, kisha akawa mchezaji hodari wa Chuo Kikuu cha Nebraska. Septemba 1995 alimshambulia msichana aliyekuwa rafiki yake wa zamani. Alisimamishwa kwa michezo kadhaa, kisha kocha wake, Tom Osborne, akamrudisha, akisema kwamba kijana yule alihitaji utaratibu wa timu. Tarehe 2 Januari 1996 alikuwamo katika fainali ambayo Nebraska iliishinda Florida kwa 62 kwa 24. Miaka iliyofuata ilikuwa ya kukamatwa tena na tena, mpaka akafungwa kifungo kirefu huko California, na Januari 2016 akafa gerezani kwa kujiua. Waliomrudisha uwanjani walimtaka kwa ajili ya miguu yake. Waliomcheka walimtaka kwa ajili ya anguko lake. Msichana aliyeshambuliwa hakuwa na mahali katika hesabu ya upande wowote, na Lawrence mwenyewe, kama mtu anayehitaji kuzuiwa na kuokolewa, hakuwa na mahali pia.

6. Kicheko cha mhubiri

Naandika haya nikiwa mmoja wa waliocheka. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mgeni wa usharika mmoja katika majimbo ya kati ya Marekani. Jumamosi niliketi sebuleni pamoja na wenyeji wangu tukitazama mchezo. Mwenyeji wangu, mzee wa kanisa, mkarimu na mcha Mungu, alinifundisha kanuni za mchezo, na pamoja na kanuni akanifundisha mizaha: kwamba timu ya jimbo jirani hupigwa picha ya pamoja mara mbili kila mwaka, moja uwanjani na nyingine kituo cha polisi. Nilicheka sana. Kesho yake nilipewa nafasi ya kuhubiri, na kwa kutaka kuwapendeza wasikilizaji nikaanza na mzaha huohuo. Kanisa zima likacheka, nami nikafurahi kwamba nimepokewa.

Baada ya ibada, watu walipokuwa wakinipa mkono mlangoni, mama mmoja mzee alinishika mkono kwa muda mrefu kuliko wengine. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mjukuu wake anachezea chuo kidogo cha jimbo lile, kwamba hiyo ni wiki yake ya tatu rumande, na kwamba msichana aliyeumizwa ni wa usharika uleule na alikuwa ameketi safu ya nyuma. "Nilikuja leo kuwaombea wote wawili, Mchungaji," alisema. "Sikujua kwamba tungeanza kwa kuwacheka."

Sikuwa na jibu, na sijalipata hadi leo. Lakini nimeelewa jambo moja kuhusu aina hii ya mzaha. Anayeusema hudhani kwamba aliyekamatwa hayupo, kwamba aliyeumizwa hayupo, na kwamba mama zao hawapo. Kilabuni dhana hiyo huenda ikawa kweli. Kanisani haiwi kweli kamwe. Hakuna usharika, wa kwao wala wa kwetu, ambao Jumapili hauna mtu mwenye ndugu kizuizini, na mtu mwingine mwenye jeraha asilolitaja. Mhubiri anayewacheka wa mbali huwa amewapiga wa karibu, na hawatamwambia. Watakaa kimya, na siku ya shida hawatamwendea.

7. Hitimisho

Turudi kwenye fulana. Maneno yake yanaugawa ulimwengu pande mbili: upande huu watu wa Kanisa, upande ule wafungwa. Mgawanyo huu hauwezi kusimama mbele ya Injili. Bwana wetu alikamatwa usiku, akafungwa, akashtakiwa, akahesabiwa pamoja na wahalifu. Askari waliokuwa wakimlinda walimfunika macho na kumpiga, wakimtaka atabiri ni nani aliyempiga. Wengine wakamvika vazi la rangi ya zambarau, wakampigia magoti kwa dhihaka. Huo nao ulikuwa mzaha juu ya mtu aliyekamatwa. Paulo aliandika baadhi ya nyaraka zake akiwa kifungoni. Katika Mathayo 25 Mfalme mwenyewe anajitaja kuwa ndiye aliyekuwa kifungoni, na anawatenga waliomwendea na wasiomwendea.

Sisi Walutheri tunakiri kwamba aaminiye ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati uleule. Mstari ambao fulana iliuchora kati ya timu mbili, theolojia yetu inauchora katikati ya moyo wa kila mmoja wetu. Ukiri huu hauifanyi jinai kuwa jambo jepesi. Sheria ya Mungu na sheria ya nchi zote mbili zinamdai aliyeumiza ajibu, na aliyeumizwa asikilizwe kabla ya yeyote. Kinachokatazwa ni kusimama ng'ambo ya mstari kana kwamba haupiti kwetu, na kupiga makofi.

Kwa wanafunzi wanaojiandaa kwa kazi ya uchungaji napendekeza mambo matatu. La kwanza: msicheke pasipo wajibu. Kama huna nia ya kwenda rumande wala ya kukaa na aliyejeruhiwa, huna haki ya mtani. La pili: msiiite haki kuwa masengenyo. Binti anapokuja kuwaambia kwamba ameshambuliwa na kijana mwenye jina kubwa, msikimbilie nguo ya Shemu; nendeni naye panapostahili, hata kama kijana ni mwimbaji hodari wa kwaya au mtoto wa kiongozi. La tatu: waombeeni wote wawili kwa sauti, katika sala ya Kanisa, pasipo kuwataja majina. Mama yule mzee alikuja kanisani siku ile akilitarajia hilo tu. Alikuwa na haki ya kulitarajia, nami niliyekuwa nimevaa kanzu na stola sikumpa.